Tuache kuambiana "picha kali"

Leo naweka kando habari za programu na seva, ingawa wanaonifahamu wanajua nitazirudia kabla sijamaliza. Nataka kuzungumzia upigaji picha, na hasa namna sisi wapiga picha wa Kitui na Makueni tunavyoambiana kuhusu kazi zetu. Nitasema wazi tangu mwanzo: hatuambiani kitu.

Mtu ameamka saa kumi alfajiri, amepanda bodaboda hadi mwisho wa barabara, ameteremka mtoni kwa miguu na kamera shingoni, amesubiri jua lichomoze nyuma ya kilima. Anarudi na picha moja anayoipenda. Anatuonyesha na kutuuliza, "Mnaionaje?" Majibu ni yale yale. "Kali!" "Moto, kaka." "Hiyo ni kamera gani?" Anashukuru, anairudisha simu mfukoni, na kesho anapiga picha nyingine kama ile ile. Wapo na wale wa upande wa pili, wachache lakini wenye sauti, ambao husema "haijatulia" au "hukufuata kanuni ya theluthi" kisha wakanyamaza, kama hakimu aliyesahau kusoma sababu za hukumu. Kwangu mimi hawa wote ni kundi moja. Mmoja anapandisha alama, mwingine anashusha, na hakuna hata mmoja aliyesema ameona nini ndani ya picha.

Habari za mgema tunazijua. Alisifiwa, akalitia tembo maji. Mimi huwa najiuliza kuhusu wale waliokuwa wakinywa na kusifu. Mbona methali haiwagusi?

Kama hili lingekuwa suala la urembo tu, ningenyamaza. Lakini kwetu huku kuna jambo zito zaidi. Kila mwaka mvua zikikosekana, picha ya Ukambani inayosafiri duniani ni moja: mto mkavu, punda wawili watatu, mtungi wa njano, mama ameinama. Zamani tulisema ni wageni wanaokuja kwa gari kubwa, wanapiga, wanaondoka. Siku hizi nyingi tunazipiga sisi wenyewe, vijana wa Kitui Mjini, Mwingi, Wote na Kibwezi, kwa sababu anayelipa anataka hiyo, na harusi na sherehe za ntheo hazipo kila wiki. Siwalaumu hata kidogo. Karo ni karo. Ninachouliza ni hiki: kabla picha hiyo haijatoka mikononi mwetu, ni mwenzetu gani amewahi kuuliza swali moja la maana juu yake?

Tuutazame huo mto kwanza, maana ndipo penye kiini. Anayetoka mbali akiona mto wa mchanga anaona mto uliokufa. Aliyekulia kando ya Tiva, Thwake au Kaiti anaona ghala. Mvua ikinyesha mto unafurika kwa saa chache au siku chache, kisha maji ya juu yanakwenda zake na mengine yanabaki ndani ya mchanga, ambako jua haliyafikii kwa urahisi. Ndiyo maana watu wa huku wamejenga mabwawa ya mchanga. Ukuta wa mawe na saruji unavuka mto, mchanga unajaa nyuma yake msimu baada ya msimu, na maji yanakaa katika nafasi zilizo kati ya chembe za mchanga. Kila lita ya mchanga huo inaweza kubeba robo lita ya maji, na pengine zaidi. Shirika la SASOL limesaidia wanavijiji wa Kitui kujenga mamia ya kuta hizo tangu miaka ya 1990, na upande wa Machakos na Makueni shirika la Utooni limefanya kazi kama hiyo na vikundi vya wakulima. Kwa hiyo picha ya "mto mkavu" inaweza kuwa picha ya tangi lililojaa. Yote inategemea umesimama wapi na umekata nini.

Hapo ndipo mpangilio wa picha unapoacha kuwa mambo ya kozi na kuwa suala la ukweli.

Nitoe mfano. Mwaka jana sisi wachache tulichapisha picha kumi na mbili za ukubwa wa A4 na kuzitandaza juu ya meza dukani kwa rafiki yetu hapa Kitui Mjini. Kijana mmoja, fundi hasa wa mwanga, alikuwa na picha ya mto. Mama mmoja yuko kwenye theluthi ya kulia, chini, ameinama. Punda wako nyuma yake. Sehemu yote iliyobaki ni mchanga uliopigwa na mwanga wa asubuhi, laini kama unga. Kwa vipimo vya vitabuni ile ilikuwa picha safi. Tukamsifu, kila mtu kwa zamu yake.

Akaingia mama yake mwenye duka, susu wa miaka mingi, kuleta chai. Akazitazama zote bila kusema. Alipofika kwenye ile ya mto akasimama kwa muda mrefu, akauliza, "Huyu mama anafanya nini hapa katikati ya mchanga? Amepotea?"

"Anachota maji, susu."

"Anayachota wapi?"

Kijana akakosa jibu.

"Ua wa miiba uko wapi? Mbona umekikata kisima?"

Kumbe shimo lenyewe lilikuwa hatua moja kushoto, limezungushiwa matawi ya miiba ili mbuzi na punda wasichafue maji, kama inavyofanyika kila mahali huku. Kijana alisogeza kamera kulia ili kuondoa "vurugu" ya ile miiba. Kwenye kadi yake ya kumbukumbu alikuwa na picha nyingine, aliyoipiga dakika moja kabla: ua wa miiba unapita mbele, mitungi sita imepangwa foleni, mama yule yule, na ndani ya shimo kipande kidogo cha mbingu kinang'aa juu ya maji. Haikuwa safi kama ya kwanza. Jicho lilibidi lifanye kazi. Lakini ukiitazama unajua huyu mama amekuja wapi na kwa nini.

Aliipeleka ile ya pili kwa waliomtuma. Wakamwuliza kama hana nyingine isiyo na vurugu. Akajibu kwamba hana, na hakulipwa. Naliweka hili wazi ili mtu asidhani nauza dawa ya kutajirisha. Maoni mazuri hayaleti pesa. Yanakuacha tu ukijua unachokiuza.

Sasa angalieni alichofanya susu. Hakusema picha ni nzuri wala mbaya. Alieleza alichokiona, yaani mtu aliyepotea. Kisha akauliza swali juu ya kitu ambacho hakikuwemo. Mimi kazi yangu ni kuandika programu, na nilipomsikia nilicheka moyoni, kwa sababu hivyo ndivyo tunavyofanya kazini kila siku. Kwetu hakuna msimbo unaoingia kwenye programu kabla mwenzako hajausoma. Na mwenzako akiandika "msimbo mkali sana" anaonekana hakusoma. Anachotakiwa kuandika ni kitu kama: "Mstari wa 40, mtumiaji akiacha sehemu hii wazi, kutatokea nini?" Ni swali dogo, linagusa mahali pamoja, linaihusu kazi na halimhusu mtu, na anayeulizwa anaweza kwenda kukagua mwenyewe. Mara nyingi kinachoulizwa si kilichoandikwa bali kilichosahauliwa. Susu hajawahi kuona mstari hata mmoja wa msimbo, na angekuwa mkaguzi bora kuliko baadhi ya ninaolipwa pamoja nao.

Kuna sababu ya kisayansi inayofanya swali liwe na nguvu kuliko sifa. Mwanasayansi wa Kisovieti, Alfred Yarbus, alifuatilia mwendo wa macho ya watu wakitazama picha, na kitabu chake kikatoka kwa Kiingereza mwaka 1967. Alitumia mchoro wa Ilya Repin unaoonyesha mtu anayeingia nyumbani bila kutarajiwa baada ya kutokuwepo kwa muda mrefu. Alimpa mtazamaji yule yule mchoro ule ule mara kadhaa, kila mara na agizo tofauti. Kadiria hali ya mali ya familia hii. Kadiria umri wao. Kadiria mgeni alikuwa mbali kwa muda gani. Michoro ya njia za macho ikatoka tofauti kabisa. Alipoulizwa umri, macho yalikwenda kwenye nyuso. Alipoulizwa mali, yalizunguka kwenye mavazi na vyombo.

Sasa rudi kwenye swali letu, "Mnaionaje?" Ni swali lisilotuma macho popote. Jibu lake la kawaida ni "kali" kwa sababu aliyeulizwa hakuambiwa atafute nini. Ukitaka maoni, uliza: Jicho lako limetua wapi kwanza? Likaenda wapi? Limetokea upande gani? Unadhani huyu mtu anafanya nini? Na ukiombwa maoni bila swali, jipe swali mwenyewe. Mimi huanza na hilo la jicho kutua kwa sababu halibishaniwi. Nikikwambia jicho langu lilikwenda moja kwa moja kwenye ile bati inayong'aa nyuma ya bibi harusi, huwezi kuniambia halikwenda. Unaweza kuamua kwamba ndivyo ulivyotaka, au ukasogea nusu hatua siku nyingine.

Wengi hujibu kwamba mtazamo ni wa kila mtu, kwa hiyo hakuna haja ya kubishana. Hilo ni kweli nusu. Watu huona tofauti, ndiyo, na hiyo ndiyo sababu ya kuulizana. Nusu iliyobaki ni hatari, kwa maana historia ina kisa cha watu walioulizwa walichoona na jibu lao likahesabiwa kuwa kasoro yao. Mwaka 1960 William Hudson alichapisha majaribio aliyoyafanya Afrika Kusini. Alionyesha watu michoro ya mistari mitupu: mwindaji ameelekeza mkuki kwa swala, na katikati yao, juu ya kilima cha mbali, tembo mdogo (tembo mnyama, si lile la mgema). Akauliza, nani yuko karibu zaidi na mwindaji? Waliosema tembo walihesabiwa kuwa hawaoni kina ndani ya picha, na kwa miaka mingi jambo hilo likarudiwa kama ushahidi kuhusu macho ya Waafrika. Lakini chukua rula upime kwenye karatasi: tembo ndiye aliye karibu. Mchoro ule haukuwa na majani yanayopungua ukubwa, haukuwa na ukungu wa mbali, haukuwa na karibu chochote ambacho jicho hukitumia kupima umbali katika dunia halisi. Watafiti waliofuata walilieleza hilo. Mchoro ulikuwa umeacha kitu nje, na lawama akabebeshwa mtazamaji.

Kwa hiyo mtu akiitazama picha yako ya mto na kuona mtu aliyepotea, usiharakishe kusema "huyu haelewi sanaa". Kwanza tafuta kilichokatwa.

Upande wa vipimo sitakaa sana, lakini mnanifahamu, siwezi kupita bila kompyuta. Nina programu ndogo ya Python, mistari isiyofika thelathini, inayotumia maktaba ya Pillow. Inachukua picha na kutoa nne: moja imepunguzwa hadi upana wa pikseli 160, moja imegeuzwa ya kijivu, moja imetiwa ukungu mpaka vitu havitambuliki, moja imegeuzwa kulia kuwa kushoto kama kwenye kioo. Nazichapisha zote kwenye karatasi moja kando ya picha yenyewe. Ile ndogo inakuambia kama picha ina kitu kimoja kikuu au ina vitu saba vinavyogombana. Ile ya kijivu inavua rangi zinazopumbaza. Huku kwetu leso nyekundu mbele ya kichaka cha kijani inaonekana vizuri sana, kumbe kwa mwanga tu vyote viwili ni kiwango kimoja na vikipoteza rangi vinameza kila kimoja mwenzake. Ya ukungu inaonyesha uzito uko upande gani. Ile iliyogeuzwa ndiyo naipenda zaidi, maana inamfanya mpiga picha aitazame kazi yake kama ya mtu mwingine. Haitoi alama yoyote. Nimekataa kabisa kuiwekea alama.

Mashine za kutoa alama zipo, na ni vizuri kujua zilifunzwa vipi. Mwaka 2012 watafiti walitoa mkusanyo uitwao AVA, wenye picha zaidi ya 250,000 kutoka tovuti ya mashindano ya DPChallenge, pamoja na kura za wapiga picha wa huko. Mwaka 2017 watafiti wa Google wakatoa mfumo wa NIMA, uliofunzwa kukisia kura za namna hiyo kutoka 1 hadi 10. Ni kazi nzuri ya uhandisi, siibezi. Lakini mpe kijana wa Kitui namba 5.3, ataifanyia nini? Atajaribu kuipandisha, yaani atajifunza kupendwa na wapiga kura ambao wengi wao hawajawahi kuona ua wa miiba juu ya mchanga. Mashine ya namna hiyo, nadhani, ingeichagua ile picha safi ya mama aliyepotea. Kanuni ya theluthi nayo nitaisema kwa ufupi. Jina hilo alilitumia Mwingereza John Thomas Smith katika kitabu cha mwaka 1797 kuhusu uchoraji wa mandhari ya mashambani. Ni ushauri wa mchoraji mmoja wa Kiingereza uliogeuka mistari minne kwenye kioo cha simu yako. Itumie ikikufaa. Kuitaja si maoni.

Mwanga, hata hivyo, unastahili aya yake, maana ndio unaoharibu picha nyingi za watu huku, na ndipo maoni ya jumla yanapoumiza zaidi. Kitui iko kama nyuzi moja na theluthi kusini ya ikweta. Machi na Septemba jua la saa sita mchana linasimama karibu juu ya utosi, na macho ya watu yanageuka mashimo. Juu yake, kipimo cha mwanga cha kamera kwa kawaida kinajitahidi kuifanya picha yote iwe na wastani wa kijivu cha kati. Ukiweka mbingu nyeupe nyuma ya mtu mweusi, kamera inaiokoa mbingu na kumzamisha mtu. Tena filamu zenyewe zilikuwa na upendeleo tangu zamani: maabara za Kodak zilipangilia rangi kwa kadi zenye picha ya mwanamke mzungu, zilizojulikana kwa jina la Shirley, kuanzia miaka ya 1950. Watengenezaji wa simu wameanza kulishughulikia hilo juzi juzi tu, kwa mfano Google na mpango wake wa Real Tone kwenye Pixel 6 ya mwaka 2021.

Basi mtu akileta picha ya ntheo kutoka Mbooni na uso wa msichana umezama, kumwambia "sura imekuwa nyeusi sana" ni kumwongezea fedheha bila msaada. Mweusi ni mweusi, hilo si kosa la picha. Mwambie: "Naona mbingu inanivuta kuliko uso wake. Ungempeleka hatua mbili ndani ya kivuli cha mwembe, na mbele yake kuna udongo mwekundu unaopigwa na jua, ule udongo ungemrudishia mwanga wa joto kutoka chini." Hayo anaweza kuyafanya Jumamosi ijayo, bila kununua lenzi. Fundi wa harusi mmoja wa Wote ndiye aliyenionyesha hilo la udongo, na tangu hapo naona kila mwembe wa Makueni kama studio.

Kuna jambo moja linalonisumbua kuhusu ukosoaji wa upole, nalo ni kwamba baadhi yetu tumeugeuza kuwa adabu tupu. Tunatafuta jema moja la kusema, tunachomeka baya moja, tunafunga na jema lingine, kama mkate uliotiwa siagi. Mtu anaondoka akiwa ameshiba mkate. Mimi naona heshima ya kweli kwa mwenzako ni muda. Itazame picha yake dakika mbili nzima kabla ya kufungua mdomo. Dakika mbili ni ndefu, jaribu uone. Ukimpa kijana dakika mbili za macho yako na kisha ukamwuliza swali moja gumu, hataona umemdharau. Na kwa wazee na akina mama waliomo ndani ya picha, heshima ni kuwaonyesha. Mama wa mtoni angeulizwa angalau, "Mama, hii inaonyesha ulichokuwa unafanya?" Maoni yake ndiyo yaliyostahili kuwa ya kwanza, na kwa kawaida ndiyo hatuyatafuti.

Nimalizie na picha ambazo zimekuwa zikinikaa akilini. Mwaka 1937 afisa wa hifadhi ya udongo aliyeitwa Barnes alipiga picha za vilima vilivyomomonyoka katika wilaya ya Machakos, ambayo enzi hizo ilijumuisha eneo ambalo leo ni Makueni. Mwaka huo huo afisa mwenzake, Colin Maher, aliandika ripoti iliyoiona nchi hiyo ikielekea kuwa jangwa la mawe na mchanga. Picha na ripoti zilikubaliana. Miaka ya 1990 na 1991 watafiti walirudi mahali pale pale alipokuwa amesimama Barnes wakapiga tena. Matokeo yamo katika kitabu cha Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, More People, Less Erosion, cha mwaka 1994. Watu walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano tangu mwanzo wa miaka ya 1930, na vilima vilivyokuwa vipara vilikuwa na matuta na miti.

Ningependa kukaa na jozi zile mezani kama tulivyokaa na picha ya mto. Barnes hakudanganya, makorongo yalikuwepo. Lakini alisimama mahali ambapo afisa wa udongo husimama, na alitafuta alichotumwa kutafuta, kama yule mtazamaji wa Yarbus. Picha mpya nazo zina kisichoonekana: mwaka 1999 John Murton aliandika kuhusu pengo la walionacho na wasionacho katika wilaya hiyo hiyo, na tuta zuri halikuambii shamba ni la nani wala nani ameuza lake akaenda mjini. Susu angeuliza.

Makueni ilijitenga na Machakos mwaka 1992, na sioni kwa nini awamu ya tatu ya picha hizo isipigwe na watu wa Mbooni, Kilungu na Nzaui wenyewe. Tumeanza kulizungumza. Mvua za Novemba zikishakolea, vichaka vikiwa vimechipua, tutakutana Wote Jumamosi moja, upande wa Kitui na upande wa Makueni pamoja, na baadaye tupande Mbooni. Kila mmoja aje na picha tatu zilizochapishwa, zisizopungua A5. Za kwenye simu hapana, simu inapitishwa kidole sekunde moja na kuulizwa bei. Dakika mbili za kwanza kimya. Neno "kali" limepigwa marufuku hadi chai iishe. Ukiweza, njoo na mtu mmoja asiyepiga picha kabisa, hasa mwenye umri.

Na anayeitaka ile programu ya ukungu aniandikie, nitamtumia. Inahitaji Python na Pillow tu, na inakwenda hata kwenye kompyuta ya zamani.